Wifi yangu kahamia Maskati, nami naona ujuzi wangu kaondoka nao

Bi Mkubwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mpishi wa harusi, naishi Kuze, hapa Mombasa. Nikisema mpishi sisemi wa maandazi ya mlangoni. Nasema sufuria za kubebwa na wanaume wanne, biriani ya watu 300 na zaidi, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni. Kazi hii nimeifanya miaka na wifi yangu, dada wa mume wangu. Jina la kazi lilikuwa langu. Watu wakisema "mwiteni yule mama wa Kuze", walinikusudia mimi, na wifi hakujali kwa kuwa si mtu wa maneno. Mimi ndiye niliyeonana na wenye harusi, nikatoa amri jikoni, na rosti ilikuwa yangu mwanzo hadi mwisho: nyama, mtindi, vitunguu vya kukaanga, papai bichi la kulainisha, bizari. Wifi alishughulika na wali.

Mwaka huu mumewe kapata kazi Maskati, naye kamfuata. Tulilia, tukaagana, nami nikajiambia kazi ni ile ile, nitatafuta msichana wa kuosha mchele.

Harusi ya kwanza bila yeye ilikuwa Kisauni. Rosti ilitoka kama kawaida. Wali ndio ulionifedhehesha. Maji yalichemka, mchele nikautia, nikasimama na mwiko nikingoja, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui nangoja nini. Wifi alikuwa akichukua punje na kuitia jinoni, kisha akiguta "Chujeni!", na vijana wanachuja. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimewapa mgongo, niko kwenye rosti. Nikaonja punje, nikaona bado. Nikaonja tena, nikaona sawa. Tulipokwisha kuchuja na kupalia makaa, wali ukawa bokoboko. Mama wa bi harusi alifunua kawa, akatazama sinia, akasema, "Kumbe mulikuwa wawili."

Tena si wali peke yake. Sijui ile sufuria kubwa ya pili tuliiazima kwa nani. Sijui mchinjaji wetu alikuwa akiambiwa atukatie wapi. Na kuna mambo niliyakumbuka nikiwa naye tu. Nilikuwa nikianza, "yule mama wa Tudor, ambaye...", wifi anamalizia, nami nakumbuka na mengine juu yake. Sasa naanza na hakuna wa kumalizia.

Nyumbani ndiko kunakoniuma. Mume wangu kaniambia, kwa mzaha wenye mwiba ndani, "Kumbe mpishi alikuwa dadangu." Mtoto wa shemeji, aliyesomea biashara, ananiambia kosa langu ni kutegemea watu. Anataka nipime kila kitu kwa mizani na nikiandike, biashara ijiendeshe yenyewe hata asipokuwapo mtu fulani. Akanimalizia na methali: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na binti yangu wa miaka 19, nikimwita ajifunze wali, hunionyesha simu: "Mama, biriani zote ziko humu."

Nina maswali mawili, Bi Mkubwa. Miaka yote hii nilikuwa mpishi, au nilikuwa mtu wa kupiga kelele karibu na mpishi? Na la pili, kuna mtu wa Tudor anataka nimpikie harusi ya watu 400 Mfungo Mosi, Idd ikishapita, na arbuni anataka kuileta wiki hii. Nipokee?

Mama Rosti, Kuze

* * *

Waalaykum salaam, Mama Rosti.

La kwanza nalijibu bila kuzunguka: ulikuwa mpishi. Asiyejua kupika hatoi rosti ya watu 300 isiyoungua chini wala kubakiza damu ndani. Ila mulikuwa mukipika kwa vichwa viwili, na hukujua chako kimeishia wapi na cha wifi kimeanzia wapi. Hilo ndilo lililokuumbua Kisauni.

Wala usidhani ni maradhi ya watu wa Kuze. Mwaka 2002 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha utafiti wa jambo hili hili. Waliwaambia watu wajipe alama: unaelewa kiasi gani jinsi zipu inavyofanya kazi? Choo cha kuvuta maji je? Kufuli? Cherehani? Watu wakajipa alama nzuri tu. Kisha wakaambiwa, haya, tuandikieni hatua kwa hatua, kipi kinasukuma kipi. Kalamu zikakwama. Walipotakiwa kujipa alama tena, walizishusha wenyewe. Hebu jiulize cherehani: uzi wa juu na uzi wa chini hushikana vipi huko ndani? Wangapi hapa Mombasa wameshona madera mpaka vidole vikaota sugu, na swali hilo halijawapitia kichwani, wala halikuwazuia kushona?

Kinachotughuri ni kwamba jibu liko karibu. Fundi wa cherehani yupo barabara ya pili, ukimwita anakuja. Steven Sloman na Philip Fernbach, nao ni wataalamu wa Marekani, wamelishughulikia sana jambo hili. Wao husema mtu hafikiri kwa yaliyo kichwani mwake tu. Hufikiri pia kwa yaliyo vichwani mwa wenzake, na kwa kuwa kazi inakwenda, huyahesabu yote kuwa yake. Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka kwa mtu anayejua wali, na kila wali ulipotoka mzuri ulisifiwa wewe. Ungejuaje kwamba huujui?

Lile la kuanza "yule mama wa Tudor" ukakosa wa kumalizia ndilo lililonikalisha kitako. Wajane huniandikia hilo hilo kwa maneno mengine. Mume kafa, na pamoja naye limekwenda jina la daktari wa mtoto, siri ya mita ya maji inayogoma, na nusu ya visa vya safari ya Lamu. Watu huwaambia ni huzuni inayowasahaulisha. Huzuni ipo, lakini na kumbukumbu zenyewe zilikuwa kwa mwenzao.

Daniel Wegner, naye Mmarekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1985. Aliona kwamba watu waliozoeana hugawana kazi ya kukumbuka bila kukaa kikao. Huyu hushika siku za kuzaliwa, yule hushika madeni, na kila mmoja anajua amuulize mwenzake lipi. Mwaka 1991 yeye na wenzake wakachapisha jaribio ambalo nataka ulisome kwa makini. Waliwachukua wachumba waliozoeana, na watu wengine wakawaunganisha wawili wawili bila kujuana, wote wakapewa mambo ya kushika kichwani. Walipoachiwa wenyewe, wachumba walikumbuka zaidi. Walipopangiwa, wewe shika haya na wewe shika yale, mambo yakageuka: wachumba wakashindwa na wale wasiojuana. Walikuwa na mgawanyo wao tayari, usioandikwa popote, na ule wa kupangiwa ukaja kuuvuruga.

Kwa hiyo usije kesho ukachukua msichana, ukampa orodha ya kazi zote za wifi na kumwambia kuanzia leo wewe ndiye yeye. Utamvuruga naye atakuvuruga. Ule mgawanyo wenu ulijijenga wenyewe, harusi kwa harusi. Huu mpya nao uupe nafasi ya kujijenga.

Sasa nije kwa huyo mtoto wa shemeji. Methali aliyokupa ni kweli, akili ni nywele na kila mtu ana zake, lakini muulize kama amewahi kuona mwanamke akijisuka kisogoni. Hata hivyo nusu ya haki nampa. Yanayoandikika yaandikwe, tena leo: kilo za mchele kwa sinia, kilo za nyama, sufuria ya nani, simu ya nani, nani kalipa arbuni na kiasi gani. Ilikuwa hatari kumwachia wifi yote hayo kichwani, na lau angeugua tu badala ya kuhama ungeyaona mapema.

Mizani yake ndiyo inayonitia shaka. Mchele wa gunia lililokaa hunywa maji kuliko mchele mpya, hata kama jina juu ya gunia ni moja. Kuni zilizonyeshewa hazina moto wa kuni kavu. Ukipika uwanjani na kusi inavuma, upande mmoja wa sufuria huchemka na wa pili hulala. Ndiyo maana wifi hakutazama saa, alitazama punje. Na huyo kijana hataiandika punje, kwa sababu hata mwenye jino hajui kuisema.

Na akishikilia kwamba kila mtu atumie akili yake mwenyewe, mpe kisa cha mhogo.

Mhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Mhogo mchungu una sumu, ukiusaga au kuutafuna hutoa sianidi. Wenyeji wa Amazonia wameishi nao tangu enzi, nao wana mlolongo mrefu wa kuushughulikia: huukuna, huukamua, huuacha ukae, hutenganisha maji na unga, huupika. Kwetu Afrika nako kuna njia za kuuloweka siku kadhaa, kuuvundika, kuuanika. Mama anayeuloweka hajui habari ya sianidi. Ukimuuliza kwa nini siku zote hizo, atakwambia ndivyo alivyomkuta mama yake akifanya. Sasa mtu mwerevu akae afikiri peke yake: mhogo nimeuonja, uchungu umepungua, tumbo haliniumi, siku za kuloweka nazipunguza, kuni na muda nimeokoa. Hoja yake huioni tundu, na hapo ndipo ilipo hatari, kwani uchungu ukipungua haina maana sumu imekwisha, na madhara yake hayaji siku hiyo hiyo. Huko Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, kulipokuwa na ukame na njaa, watu walikula mhogo mchungu ambao haukuandaliwa kama inavyotakiwa, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na aliyepooza hivyo haponi akarudi alivyokuwa. Wale wa Nampula walibanwa na njaa, siwatii katika kundi la wajuaji. Nakionyesha tu kiasi cha akili kilicholala ndani ya siku chache za kuloweka, akili isiyo kichwani mwa mtu yeyote mmoja. Imo katika mazoea ya wengi, na kila anayeifuata anajua kipande.

Wali wako hauui mtu, alhamdulillahi. Lakini umejengeka vivyo hivyo.

Wala usidhani kila kitu kimepanda ndege kwenda Maskati. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu wa mji huu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa, na mwaka 1940 zikatoka kitabuni. Wifi yako yu hai, simu anapokea, na waliomzunguka bado wako hapa. Yule kijana wa kuchuja, aliyeshika mpini wa sufuria harusi zote hizo, amemwona akiitia punje jinoni mara ngapi? Pengine anajua povu lilikuwaje, mvuke ulinukaje, wifi alikuwa ameshauma punje ngapi kabla ya kuguta. Umewahi kumuuliza, au kwako yeye ni wa "we, ongeza kuni" tu? Mkalishe chini umpe chai umuulize. Mchinjaji naye muulize, "dada yule alikuwa akichukua wapi?", atakuonyesha kwa kisu. Na sufuria usiisumbukie sana, mwenyewe atakufuata, kwani mwenye chombo hasahau.

Kwa wifi mwenyewe, usimpigie ukamwambia "nipe namna ya kupika wali". Atakujibu: chemsha maji, tia chumvi, tia mchele, ukiiva kiasi chuja. Hakufichi kitu, hayo ndiyo yanayosemeka. Maskati imetutangulia saa moja tu, kwa hiyo panganeni siku, kila mmoja jikoni kwake, mpike mchele kidogo huku video imewashwa. Mchele ukianza kuchemka, toa punje, ibonye kwa kucha mbele ya simu, umuulize: hii? Kwa nini bado? Unaona nini? Atababaika mwanzo. Halafu atasema, tazama, kuna kiini cheupe hapo katikati, kikibaki kama ncha ya sindano ndiyo chuja, kwa sababu makaa ya juu yatamalizia. Au atasema jambo jingine kabisa, maana kila mpishi ana alama yake. Pengine mwenyewe atakuwa analisikia kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwake. Usimkatize. Na ukimaliza la wali, muulize rosti yake inakwendaje huko ugenini. Nakisia naye ana ya kukuuliza, na miaka yote hii hakuwa na haja ya kuyauliza.

Binti yako. Hapa nitakukera kidogo, lakini msichana hakosi yote. Simu ina mengi, na aliyeiandika biriani yake humo naye ni mtu aliyejifunza kwa mtu. Tatizo la simu ni kwamba humfanya mtu ajione anajua. Mwaka 2015 watafiti wa Yale, Matthew Fisher na wenzake, Keil yule yule akiwamo, waliwaacha watu watafute majibu ya maswali kwenye intaneti, kisha wakawauliza wanadhani wataweza kueleza vipi mambo mengine kabisa, ambayo hawakuyatafuta. Waliotoka kutafuta walijiona wajuzi kuliko wale ambao hawakupewa intaneti. Ni kosa lako la Kisauni hilo hilo: jambo li karibu na mkono, ukadhani li kichwani.

Kwa hiyo usimwite kujifunza, neno hilo huwafukuza watoto. Mwite kuonja. Mwambie unataka jino la pili, kwa sababu lako huliamini tena, na huo si uongo. Simu yake imfae: yeye ashike daftari la wateja, arbuni, tarehe, picha za sufuria na majina ya wenyewe. Kazi hiyo tayari anaielekea, ndiyo maana itamkaa.

Mumeo nimemwacha nyuma makusudi. Usibishane naye nani alikuwa mpishi, na usimuulize "kwa nini wasema hivyo?", kwa sababu sababu atakuletea kumi na kila moja itamtia nguvu. Mwaka 2013 Fernbach, Sloman na wenzao walijaribu jambo hili kwa watu na misimamo yao ya kisiasa. Walioambiwa wataje sababu za msimamo wao walibaki pale pale. Walioambiwa waeleze sera yenyewe itafanya kazi vipi, hatua kwa hatua, walijiona wanajua kidogo kuliko walivyodhani, na ukali ukapungua. Basi mtilie kahawa na tende, umwambie kwa upole: "Baba fulani, hebu nieleze dadako alikuwa akiipikaje ile biriani." Kisha nyamaza. Atasema vitunguu, atasema nyama, na akifika kwenye nyama atakutazama.

Ila nawe usimgeuzie kibao ukadai wewe ndiye uliyekuwa kila kitu. Dadake alistahili sifa alizokosa, na nadhani ndiyo sababu ya ule mwiba. Watu walisema "mama wa Kuze" wakati wote, naye yuko nyuma ya mvuke. Siku moja mtajie mumeo, mbele ya watu, kwamba wali ulikuwa wa dadake.

Jambo moja la kutahadhari kabla sijafika Tudor. Kuulizana kuna tundu lake. Mtaa mzima waweza kuwa na hakika ya jambo, na ukifuatilia ukakuta kila mmoja anajua kwa sababu anadhani mwenzake anajua. Utaambiwa mpishi fulani wa wali ni hodari, usimwone hodari kwa kuambiwa. Mwambie akueleze anachuja wakati gani na kwa nini. Asiyejua kueleza usimtupe, wifi naye hakujua kueleza, lakini huyo mtilie mchele sufuriani umtazame.

Arbuni ya Tudor usiipokee wiki hii. Mwombe huyo bwana akupe muda kidogo, na mwambie ukweli: rosti ni yako, wali unamtafutia mtu. Watu wa harusi huchukia kushtukizwa, hawachukii kuambiwa. Katika muda huo jipatie hitima au akika ya watu 50, mahali ambapo wali ukiharibika utaliwa na dua itasomwa. Pika na binti, na yule kijana wa kuchuja, na huyo mtu wa wali utakayempata. Pikeni tena penye watu 100. Mkiona mnamalizana maneno, chukua kazi ya Tudor. Kama akikataa kungoja, mwache aende. Ya watu 400 ikiharibika habari zake zitafika Likoni kabla ya sufuria kuoshwa.

Na malipo ya mtu wa wali yaweke ndani ya bei tangu siku ya kupatana, tena yawe malipo ya fundi. Ukimlipa kama msichana wa kuosha mchele, Mfungo Pili utamkuta anapikia mwingine.